Kofia ya Afande Odyek

Siku ya filamu Zulaikha alivaa gurbaba lake la kijani, vazi la Wanubi la Idi na harusi, akajifukiza udi mpaka mwenye boda akapiga chafya mara tatu njiani. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mpishi wa maharage kwenye kantini ya kambi ya polisi Nsambya, amejipamba kama mwali! Na kwa nini asijipambe? Filamu ilikuwa imetoka kwenye kitabu, na kitabu kilikuwa kimetoka kwake.

Hilo kambi nzima ililijua. Kitabu kinaitwa Mlango Mfupi, na aliyekiandika ni marehemu Akwero, mwanamke mwembamba wa Kiacholi aliyekuwa karani wa taipu katika ofisi ya polisi. Mchana alipiga taipu mashtaka ya wezi wa kuku. Jioni alikaa bombani, daftari mapajani, akawasomea wanawake sura moja moja. Aliandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho watu wa kambi walichotumia kugombana, ndicho walichobembelezea watoto na kuombea chumvi kwa jirani. Wanawake walisahau zamu zao za maji. Jerikeni zilijaa zikafurika na hakuna aliyeinuka. Kitabu kilipochapishwa kule Nasser Road, na jalada jekundu lililoacha rangi vidoleni, Zulaikha alipewa nakala ya kwanza. Anayo mpaka leo, mgongo umefungwa kwa plasta ya hospitali.

Kisa chenyewe ni hiki. Husnah ni mke wa dereva wa lori la polisi. Wanakaa kwenye "mama ingia pole", kile kibanda cha bati cha duara walichokaa askari wa Kampala tangu enzi za Mwingereza, ambacho mlango wake ni mfupi kiasi kwamba hata mkuu wa polisi lazima ainame. Mume anakufa kwa ajali njia ya Gulu, Husnah akiwa na mimba ya miezi miwili. Kanuni ya kambi haina huruma: askari akifa, mjane afunge virago. Inspekta anayegawa nyumba anamwambia anaweza kubaki, ila ajue kumkaribisha mgeni. Husnah anamwambia sawa, afande, njoo magharibi.

Inspekta anakuja ananukia sabuni. Anainama ili aingie, na hapo hapo alipoinama anamwagiwa kichwani beseni zima la maji yaliyooshewa mukene, wale dagaa wa ziwani, tena maji yaliyolala siku tatu. Kofia inaangukia ndani, Inspekta anaangukia nje. Sasa askari aliyepoteza kofia ya serikali sharti aandike maelezo aseme ameipotezea wapi. Angeandika nini? Inspekta ananyamaza kimya, na Husnah anakaa kwenye kibanda chake mpaka mafao ya mumewe yanapotoka.

Husnah ndiye Zulaikha. Mume ni Abubaker, Mungu amrehemu. Mimba ni Kaltumi, ambaye sasa ana miaka thelathini na moja na ni mkunga. Inspekta ni Afande Odyek, aliyestaafu akaenda kukaa upande wa Nakawa. Yote yaliyomo kitabuni yalitokea, isipokuwa jambo moja. Kitabuni Husnah anaichoma ile kofia kwenye sigiri ya makaa. Zulaikha mwenyewe alimwomba Akwero aandike hivyo, asije mtu akapekua kibanda chake akiitafuta.

Basi wakaketi, mama na binti, kwenye viti laini vya ukumbi wa sinema wa mjini, na taa zikazimwa.

Lo! Kibanda kilikuwa kimepakwa rangi ya buluu na kuwekewa mapazia. Mlango, jamani, mlango! Filamu inaitwa Mlango Mfupi, na mlango wake mtu angepita na kitanda kichwani. Husnah alikuwa msichana mwenye nywele za bandia mpaka kiunoni na kucha ambazo hata nyanya zisingekata, akaongea Kiingereza na kulia kila alipofungua mdomo. Husnah wa Akwero analia mara moja tu, ukurasa wa kumi na tisa, tena ni kwa sababu ya kitunguu.

"Vumilia," Kaltumi alimnong'oneza. "Labda mbele ni pazuri."

Mbele Inspekta alibisha hodi. Zulaikha alishika mikono ya kiti. Alimwona yule msichana akienda mlangoni mikono mitupu, hana beseni wala kikombe. Akafungua. Inspekta, kijana mwenye meno meupe, akamfuta machozi kwa kidole gumba, akaingia wima bila kuinama hata kidogo, na mlango ukafungwa huku muziki ukipigwa. Mwisho wa filamu Husnah aliondoka kambini ndani ya gari la Inspekta, mkono tumboni, na Inspekta akasema mtoto wao atakuwa afisa kama baba yake. Watu wakapiga makofi. Kisha kwenye skrini kukatokea maneno: kwa baba yangu mpendwa.

Nje, mtengenezaji wa filamu, jamaa mmoja anaitwa Obita, alikuwa akipeana mikono na wageni. Zulaikha alimwendea moja kwa moja.

"Mwanangu," alisema, "beseni liko wapi?"

Obita alicheka. "Eh, mama, umesoma kitabu! Sasa mama, filamu bila mapenzi nani atatazama? Halafu yule mwandishi alitia chumvi. Baba yangu ndiye alikuwa inspekta pale, amenieleza ilivyokuwa. Mwanamke mwenyewe alikubali, tena kwa furaha. Hata yule mtoto, mzee anasema anajua ni wake."

"Baba yako ni nani?"

"Mzee Odyek," alisema Obita, na tayari alikuwa amegeuka kupigwa picha.

 Zulaikha alipogeuka alimwona Kaltumi nyuma yake, mkoba kifuani, amesikia kila neno. Waliteremka ngazi. Kwenye stendi ya boda Kaltumi alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama mama yake, "Nilizaliwa miezi saba baada ya baba kufa. Sikatai kitabu, mama. Lakini kitabu ni kitabu. Niambie tu. Mimi ni wa nani?"

Kama angempiga kofi ingekuwa nafuu. Miaka thelathini na moja Zulaikha alikuwa amemlea binti huyu kwa moshi wa kuni na maharage, akamfundisha dua za kumwombea Abubaker kila Ijumaa, na leo neno la mwongo mmoja limetosha.  "Panda boda uende kwako," alisema, na ndilo jibu pekee alilolitoa.

Ijumaa ile Kaltumi hakuja kula chakula cha mchana kama kawaida yake. Ijumaa iliyofuata hakuja tena.

Filamu nayo ikaenea kwenye simu za watu. Kwenye foleni ya kantini konstebo mmoja, ndevu zenyewe bado zinamsumbua kutoka, alisema, "Kumbe mama wewe ulikuwa mpenzi wa afande!" Wenzake wakacheka. Zulaikha alimpakulia maharage yake vizuri, akayatia vijiko vitatu vya pilipili ya kusaga, akamtazama akitoka mbio kwenda bombani. Ilimburudisha kidogo, lakini konstebo hakuwa mtu aliyemtaka. Mtu wake alikuwa Nakawa, ameketi kwenye kiti cha kamba barazani kwake, anawahadithia watoto wake jinsi mjane wa Abubaker alivyomfungulia mlango kwa furaha. Kwa furaha! Neno hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Siku hiyo ya konstebo alifungua sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Chini ya sanda aliyojinunulia mwenyewe, chini ya cheti cha ndoa, akatoa kifurushi cha kitambaa cha kaniki. Ndani mlikuwa na kofia ya inspekta, ukingo mweusi, beji imeota kutu ya kijani. Hakuwa ameichoma. Kuchoma! Ile kofia ndiyo ilikuwa hati yake ya nyumba, angeichomaje? Ndani ya utepe wa jasho kulikuwa na jina kwa wino usiofutika, maana kila askari huandika jina lake asije mwenzake akamwibia. Zulaikha aliinusa. Aliapa mukene bado yumo.

Angeweza kumpelekea Kaltumi ile kofia siku hiyo hiyo, mambo yakaisha. Hata viatu alivaa. Kisha akavivua. Kumwonyesha mtoto pembeni kungekuwa kujitetea, na yeye hakuwa na la kujitetea. Uongo ulisemwa mbele ya watu, na mbele ya watu aliyeusema atautapika. Alitaka kumwona akiutapika.

Mungu naye hakukawia. Wiki haikuisha kabla ya tangazo kubandikwa getini: Jumamosi, saa nane mchana, filamu ya Mlango Mfupi itaonyeshwa bure kwa watu wa kambi kwenye ukumbi wa Khisa, na mgeni wa heshima ni Mzee Odyek, anarudi nyumbani.

Khisa huyo ni VJ. Mgeni wa Kampala huenda hajui VJ ni kitu gani. Kwenye vibanda vyetu vya video filamu haiachwi iongee yenyewe. Yuko mtu anakaa nyuma na maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, anawaeleza watu kwa lugha yao wanachokiona, na akipenda anaongeza yake. Wengi mjini wanatafsiri kwa Kiluganda, lakini Khisa, kwa ajili ya wazee wa kambi, hutumia Kiswahili. Watu hawaulizi mzungu amesema nini. Wanauliza Khisa amesema nini.

Zulaikha alimkuta anafagia maganda ya njugu. "Khisa, Jumamosi utaumwa koo," alimwambia.

"Mimi? Mama Kaltumi, mimi niko mzima."

"Utaumwa. Vibaya sana. Na maikrofoni utanipa mimi."

Khisa aliweka ufagio chini. Alikuwa amezaliwa kambini. Mama yake alikuwa mmoja wa wale wa bombani. "Mama, yule Obita atanimaliza."

"Atakumaliza akufanye nini? Wakati mama yako amelazwa, ulikuwa unakula kwa nani?"

"Kwako, mama."

"Maharage yangu yalikuwa na ubaya gani?"

Khisa alijikuna kichwa, kisha akakohoa mara mbili, kwa kujaribu. "Naona koo limeanza," alisema.

Kwa Kaltumi alituma ujumbe mmoja tu wa simu: Jumamosi saa nane kwa Khisa. Njoo usikie, halafu uamue.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili jua lisiingie. Mbele kabisa, kwenye sofa iliyoletwa maalum, aliketi Mzee Odyek, suti ya kaki, fimbo katikati ya magoti, kichwa upara mtupu. Obita alisimama akasema filamu hii ni zawadi ya mtoto kwa baba, na kwamba kwa bahati mbaya Bwana Khisa hana sauti leo, lakini mama mmoja wa hapa atatusaidia kutafsiri. Hakuuliza ni mama gani. Zulaikha alikuwa tayari ndani ya kijumba cha plaiwudi nyuma ya watazamaji, amejifungia komeo, kifurushi mapajani. Kupitia upenyo alimwona Kaltumi akiingia wa mwisho, akasimama karibu na mlango bado na sare yake ya kazi.

Filamu ikaanza. Zulaikha akashika kitufe cha sauti, akakizungusha mpaka yule msichana wa kucha ndefu akawa bubu.

"Huyu mnayemwona hapa," alisema kwenye maikrofoni, "mnaambiwa ni Husnah. Si yeye. Husnah nywele zake zilikuwa fupi, na kucha alizikata kwa wembe wa mumewe. Hicho kibanda cha buluu msikitazame. Fumbeni macho mkikumbuke cha kweli, mvua inavyopiga bati hata mtu na mkewe wasisikilizane."

Ukumbi ukacheka. Kisha kikongwe mmoja wa bombani akapaza sauti kutoka benchi la tatu, "Sura ya kwanza hiyo! Endelea!"

Akaendelea. Picha ilionyesha machozi, yeye akausoma bila kitabu ukurasa wa kumi na tisa, na wanawake wakamalizia pamoja, "Kitunguu!" Picha ilionyesha Inspekta akitabasamu, yeye akawaambia maneno aliyosema Inspekta kweli, na jinsi alivyoyasema huku akitazama kifua cha mjane ambaye arubaini ya mumewe haijatimia. Kicheko kikakatika. Mbele kule Mzee Odyek alikuwa ameanza kugeuza shingo. Sauti ile aliijua.

Obita akainuka. "Mama, tafsiri kilichoandikwa!"

"Ndicho ninachotafsiri, mwanangu. Kimeandikwa na Akwero."

"Kaa chini!" watu wakampigia kelele. "Unatuziba!" Obita akaja mpaka kwenye kijumba, akasukuma mlango, komeo likakataa. Khisa, aliyekuwa amesimama pale, akaonyesha koo lake kwa kidole na kutikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

Ikafika pale pa hodi. Kwenye skrini msichana akaenda mlangoni mikono mitupu, na Zulaikha akasimamisha picha.

"Hapa, watu wangu, beseni limepotea. Mwenye filamu alisema baba yake alimweleza kwamba mwanamke alikubali. Kwa furaha. Na mtoto ni wake. Sasa sikilizeni. Afande alikuja magharibi, ananukia sabuni. Akasema hodi. Nikasema ingia. Akainama." Alivuta pumzi. "Nikammwagia mukene kichwani, maji ya siku tatu, na kichwa chenyewe wakati ule kilikuwa na nywele. Kofia ikaanguka ndani. Yeye akaanguka nje."

Huko mbele mkono wa Mzee Odyek uliinuka wenyewe ukashika upara wake. Waliokuwa karibu waliona, wakaanza kugongana viwiko.

Zulaikha akafungua komeo. Alitoka na maikrofoni, waya mrefu ukimfuata sakafuni, na mkono wa pili ameshika kofia juu ili hata wa ukutani waione. Banange! Ukumbi ulinguruma. Kila mmoja alijua kofia ilichomwa, sura ya kumi na moja, na hii hapa na beji yake. Alipita katikati ya mabenchi bila haraka mpaka kwenye sofa.

"Obita, wewe umesoma sana," alisema. "Tusomee kilichoandikwa humo ndani."

Obita aliishika, akaigeuza kwenye mwanga wa skrini. Alitazama kwa muda mrefu kuliko jina linavyohitaji. "Odyek," alisema.

"Sisikii!" kikongwe wa benchi la tatu alipiga ukelele.

"Odyek P.," alisema Obita kwenye maikrofoni, na hakumtazama baba yake.

Zulaikha akaisogeza maikrofoni mdomoni kwa mzee. "Afande, mimi sina maneno mengi. Ulivuka mlango wangu au hukuvuka?"

Mzee aliegemea fimbo yake.  Mtu mwingine angemwonea huruma, mzee wa miaka sabini na tano mbele ya umati. Zulaikha hakumwonea. Alikuwa ameingoja huruma ya mtu huyu akiwa na mimba ya miezi miwili na sanda ya mumewe haijachafuka, na hakuiona.

"Mambo ya zamani, Zulaikha," alisema.

"Ulivuka au hukuvuka?"

"Sikuvuka."

"Wala siku nyingine?"

"Wala siku nyingine. Sijawahi kuingia kwako." Maikrofoni ilibeba sauti yake mpaka nje kwa wachuuzi wa chapati. "Mtoto ni wa Abubaker. Nilisema tu. Mtu anasema tu, watoto wakiuliza."

Hakuna aliyepiga makofi. Zulaikha aligeuka akamtafuta binti yake mlangoni na hakumwona; pale alipokuwa amesimama palikuwa pamebaki mwanga wa jua. Moyo ulimshuka, lakini uso wake haukubadilika, maana adui bado alikuwa mbele yake. Mzee alikuwa ananyoosha mkono kwa Obita, anaomba kofia yake.

Zulaikha aliitwaa kabla haijafika. "Uliipoteza, afande," alisema. "Ungeandika maelezo."

Walimtoa mzee kupitia mlango wa nyuma. Filamu haikumalizika, na aliyetaka kujua mwisho aliambiwa na kina mama palepale, kutoka sura ya kumi na mbili mpaka ya mwisho, kama Akwero alivyoiacha.

Baada ya siku chache Obita alimtuma mtu na bahasha na maneno ya upole, kwamba mzee hali chakula vizuri na familia ingependa kofia irudi nyumbani. Zulaikha aliirudisha bahasha bila kuifungua. Akasema kofia ataitoa kwa mwenyewe tu, aje kwa miguu yake, aje wakati wa chakula cha mchana foleni ikiwa ndefu.

Ijumaa, alipokuwa anafunika sufuria, mtu aliingia kwa mlango wa nyuma wa kantini. Ni Kaltumi. Macho yalikuwa yamevimba, na mkononi hakuwa na mkoba bali nyundo na karatasi ya misumari.

"Jumamosi nilimsikia mzee, nikashindwa kukaa mbele ya watu nikilia," alisema. "Nilikwenda kaburini kwa baba. Mama, nisamehe."

 Zulaikha alikuwa ameandaa maneno makali, wiki nzima alikuwa akiyanoa, na sasa hakuyaona yalipo. "Umekula?" alimuuliza.

"Bado. Tuitundike kofia kwanza."

Kaltumi alipanda kwenye benchi, akachagua msumari mrefu kuliko yote, akaupigilia ukutani juu kabisa ya dirisha la kupakulia, mahali ambapo kila askari wa Nsambya husimama na sahani yake. Akaitundika kofia beji ikitazama watu.

"Geuza," alisema Zulaikha kutoka chini. "Ndani ndiko kuonekane."

Kaltumi akaigeuza, jina likaitazama foleni.